Itigi Imeanguka, Shemeji

Mwankoko, Singida

Shemeji Yona,

Itigi imeanguka. Naanza na habari hiyo kwa sababu ungekuwapo ungeiuliza kabla hata ya kuniamkia, nami ningekukumbusha kwamba mtu huamkia kwanza. Basi na tuamkiane. Mimi sijambo. Hapa nyumbani wote ni wazima, na hao wote ni mimi na kuku.

Mtu mwingine akiiona barua hii atashtuka, maana Itigi ya kweli ipo palepale kwenye reli na treni zinapita. Iliyoanguka ni ile yetu ya ndani ya kompyuta, uliyoijenga wewe kando ya mto na kuipa jina la stesheni uliyofanyia kazi hadi ulipostaafu. Imechukuliwa na yule mfalme wa kaskazini uliyemwita Kichwa Ngumu. Siku ileile amekwisha kuibadilisha jina. Limeandikwa sasa jina refu la kigeni ambalo hata mimi siwezi kulitamka, na wewe ungelitamka vibaya zaidi.

Nilikuwa nimeazimia nisikuandikie. Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili, kule Kinyangiri na kwingineko, niliwaambia wanafunzi kwamba barua huandikiwa mtu atakayeipokea. Lakini tangu jambo hili litokee sijapata mtu wa kumweleza ambaye sitalazimika kumweleza kwanza mchezo wenyewe ni nini, ulianzaje, na kwa nini wazee wawili walikuwa wanakaa barazani kila alasiri wakibishana juu ya chakula cha watu wasiokuwapo. Wewe peke yako hunihitaji nieleze. Hata hivyo nitaeleza, kwa sababu nimegundua kwamba nikieleza nakusikia ukinikatiza.

Unakumbuka ulivyokuja kuishi hapa. Kaka yako alikuwa amekwisha kufariki, mimi nimebaki mjane, na wewe mgane umetoka zako relini na sanduku moja la bati. Watu wa kanisani wakaanza kunong'ona. Ukawajibu mbele yangu, umesimama mlangoni mwa kanisa na kofia yako mkononi: "Tulieni. Shemeji yangu ni mkali mno kurithiwa." Walicheka mpaka mchungaji akatoka kutazama kuna nini. Nilikununia hadi jioni, lakini minong'ono iliisha.

Kisha Elia, mwanao, akakuletea kompyuta mpakato ili uangalie mpira. Wewe uliiita laputopu, na sikufaulu kukuachisha. Mpira uliuangalia kwa muda mfupi tu, ukasema wachezaji wa siku hizi wanajiangusha mno. Ndipo ukaukuta ule mchezo. Mchezaji hupewa kijiji kimoja, mfalme mmoja na watu wachache wa zama za kale, naye huwaongoza kizazi baada ya kizazi: walime, wajenge, wafanye biashara, wapigane. Majirani wanaongozwa na mashine yenyewe. Ukishaamua la kufanya unabofya, na msimu unapita.

Mara ya kwanza uliitwaa dunia nzima kabla mlenda haujaiva jikoni. Ulikuja kunitangazia. Nikakuuliza, hao askari wako wote walipokuwa huko vitani, nani alikuwa anavuna?

"Shemeji, gemu haiulizi hilo."

"Mimi nauliza."

Hapo ndipo sheria zetu zilipoanzia. Hakuna aliyetulazimisha. Mchezo uliruhusu kila kitu, na sisi tukakaa tukaanza kujikataza.

Tulikubaliana kwamba ufalme wetu utafuata majira ya Mwankoko. Wakati uwele wa hapa unavunwa, mpaka utakapopurwa na kuingia ghalani, askari wetu wote wanakaa kwao. Mashine haikulijua hilo, na majirani walitushambulia walivyotaka. Mwaka ule mvua ilipokatika mapema tulikataa kuuza nafaka nje, ingawa maghala ya mfalme yalikuwa yamefurika. Ulilalamika sana. "Huyu mfalme atajuaje kwamba huku Mwankoko kuna ukame?" Nikakwambia basi ajulishwe. Ulipiga magoti kwenye mkeka mbele ya kioo cha kompyuta, ukamjulisha kwa sauti, kwa heshima zote, ukaanza na shikamoo.

Tena tulikubaliana kwamba tukiuzingira mji wa adui tutaacha njia moja wazi, ili wazee na akina mama wenye watoto watoke. Hakuna mchezaji duniani anayefanya hivyo. Tulikaa tumeuzingira mji mmoja vizazi viwili, tukishangaa kwa nini watu wake hawaishiwi chakula, hadi ulipoinama karibu kabisa na kioo ukaona misafara ya ngamia inaingia kwa njia ileile tuliyoiacha. Ulinitazama. Mimi nikakutazama. Hatukuifunga.

Sheria ya watu wawili ilikuwa yangu. Mmoja anasema, mwingine anabofya, na hakuna linalofanyika mpaka wote wawili wamekubali. Mfalme akifa, tunabadilishana viti. Ulisema ni kama zamu za usiku za reli, ambapo mtu mmoja haruhusiwi kufungua njia peke yake. Kwa hiyo uliipenda kuliko mimi mwenyewe.

Lakini ile ya kutorudi nyuma ilikuwa yako. Mashine hutunza yenyewe kila hatua iliyopita. Ukikosea, unaweza kufungua ilipotunzwa hatua ya jana au ya mwezi uliopita, na yote yaliyotokea baadaye yanakuwa hayakutokea. Mfalme wetu wa kwanza ulimpeleka mstari wa mbele kwa sababu tu alikuwa na farasi mzuri, akauawa siku hiyohiyo. Mimi, Mwalimu, mimi ninayekataza watu kufuta-futa kwenye daftari, ndiye niliyesema turudi. Ukaondoa mkono wako kwenye kipanya. "Nimekaa relini maisha yangu yote, Shemeji, na sijaona treni ikirudishwa stesheni kwa sababu kuna mtu amesahau kuaga." Hatukurudi. Tukamlilia.

Na kweli tulimlilia, kwa sababu hiyo nayo ikawa sheria: mfalme akifa, kompyuta inafunikwa kitenge, na haifunguliwi mpaka matanga yaishe. Tulikaa barazani tukinywa chai na kusimulia mema yake. Wakati alipokufa yule mfalme mzee aliyechimba visima, jirani yetu Mama Rehema alipita kuomba moto akatukuta tumeinamisha vichwa.

"Jamani, kuna nini hapa?"

Wewe, bila kupepesa macho, ukasema, "Tumefiwa, Mama Rehema. Mzee wetu ametutoka."

Nilidhani unatania na kwamba ameelewa. Hakuelewa. Haukupita muda akarudi na akina mama wengine watatu, wamejifunga khanga viunoni, mmoja ana kuni kichwani na mwingine sufuria ya kupikia ugali wa msiba. Wakatandika mikeka. Wakaanza kuuliza mwili unaletwa lini na unatokea wapi. Nilikwambia useme wewe, kwa kuwa ulianza wewe. Ukasimama, ukakohoa, ukafunua kitenge, ukawaonyesha kompyuta.

Mama Rehema aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee Yona, wewe utakufa kwa utani wako." Akaiweka chini ile sufuria, akapika, tukala wote. Waliondoka na mabaki, wakilalamika njia nzima kwamba tumewapotezea siku.

Nimecheka nilipoandika hayo, na nikaacha kucheka hapohapo. Ninalotaka kukwambia ni hili, na sijamwambia mtu mwingine. Asubuhi ile ulipozidiwa na kifua, na gari la jirani likakupeleka hospitali, mimi nilirudi kutoka huko peke yangu. Nilishukia kwa Mama Rehema, kwa kuwa ndipo palipo karibu. Nilimwambia, "Yona amefariki." Alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama usoni, akatabasamu kidogo, akauliza, "Ni kweli, Mwalimu, au ni yule mfalme wenu?"

Nilishika nguzo ya nyumba yake. Hapo ndipo alipoutupa ungo.

Tulikuzika kando ya kaka yako. Watu walikuwa wengi. Wastaafu wenzako walikuja kutoka Manyoni, wakaimba vibaya na kwa nguvu, kama ambavyo ungependa. Elia alisimama kaburini kama mtu aliyefika kwenye nyumba asiyoijua. Hakulia. Nilipompa mkono aliniambia, "Mama mkubwa, mimi huyu mzee sikumfahamu. Alikuwa relini, halafu akawa kwako." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, akaenda zake kuwasaidia vijana kufukia.

Matanga yaliisha, arobaini ikapita, mvua ikaisha. Mimi sikuifungua kompyuta. Nilibadilisha kile kitenge mara kwa mara kwa sababu ya vumbi.

Sijui nikuelezeje jinsi nyumba ilivyo. Hakuna anayekosea humu ndani. Hakuna anayesema laputopu, hakuna anayeniita jenerali, hakuna anayeimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Nyumba imejaa Kiswahili sanifu na kimya. Jioni upepo unapopiga mabati nasikia kama mtu anavuta kiti, na nimekwisha kugeuka mara nyingi kiasi kwamba sasa najikaripia kwa sauti. Sauti yenyewe inanishangaza. Kuna siku inafika jioni ndipo naitumia kwa mara ya kwanza, na ni kwa kuwafukuza kuku.

Siku moja nilishindwa, nikafunua. Niliweka viti vyetu viwili kama ilivyokuwa. Nilikaa kwenye cha msemaji, nikasema ninachotaka kifanyike, kisha nikainuka, nikazunguka meza, nikakaa kwenye cha mbofyaji. Nilijaribu kujikatalia. Nilijaribu kusema kama ambavyo ungesema wewe: kwamba ninaogopa mno, kwamba ghala moja linatosha. Lakini kila nilichokisema nilikuwa nakijua tayari. Mtu hawezi kubishana na mwenye mawazo yaleyale yake. Nilikuwa katikati ya viti, nimeegemea meza, Mama Rehema alipoingia. Hakuuliza kitu safari hii. Alikaa kwenye mkeka, akachambua mboga zake mpaka jua likazama, akaondoka. Nikaifunika tena.

Ni mwezi huu wa mavuno ndipo Elia alipokuja. Sasa yuko Nduguti, ni fundi mkuu kwenye majengo mapya ya serikali kule. Aliniamkia vizuri, akala ugali wa uwele na mlenda, akasifu. Kisha akasema amekuja kuchukua kompyuta ya Baba, kwa kuwa anahitaji ya kufanyia hesabu za ujenzi. Ni haki yake. Ni yeye aliyeinunua.

Akaiwasha, akapiga ulimi. "Ni nzito hii. Imejaa. Nitafuta haya magemu kwanza, Mama mkubwa, halafu itakimbia."

Nilimwambia, "Kaa chini."

Unaijua sauti hiyo. Ana mvi sasa, lakini alikaa.

Nilimweleza ufalme wote, tangu kijiji cha kwanza. Nilimwonyesha miji: yako yenye majina ya stesheni, Itigi, Saranda, Manyoni, na yangu yenye majina ya mahali nilipofundisha au kuishi. Nilimweleza sheria. Mwanzoni alicheka. "Mama mkubwa, mlikuwa mnacheza au mnafundishana katekisimu?" Nilipomweleza habari ya njia tuliyoiacha wazi na ngamia wakapita, alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaniuliza, "Baba alikubali hilo?" Nikamwambia ulikubali. "Baba huyuhuyu aliyekuwa akininyang'anya mpira nikimpiga chenga?" Nikamwambia huyohuyo. Akasogeza kiti chako akakaa vizuri, akashika kipanya.

"Haya. Sema wewe, mimi nabofya."

Shemeji, nilikuwa sijasikia neno hilo kwa muda mrefu, na nilihitaji kutazama nje kidogo kabla ya kusema.

Tulikuta mambo kama ulivyoyaacha. Mfalme ni mtoto. Kichwa Ngumu yuko ng'ambo ya mto na jeshi kubwa, anaitazama Itigi. Tulipobofya tu, akavuka. Elia akaruka kitini. "Askari! Tuna askari kibao huku Saranda, wanafika kesho!" Nikamwambia tazama nje. Shambani kwa Mama Rehema watu walikuwa wameinama wanakata uwele. Uwele wetu wenyewe ulikuwa bado uwanjani, haujapurwa.

"Lakini wametuvamia! Hii si vita yetu, hii ni kujilinda."

Nilimwambia kwamba Saranda ilipovamiwa ulikuwa mwezi kama huu, na wewe ulisema maneno hayohayo. Ulitoka nje ukawalisha kuku kwa hasira mpaka wakashindwa kula. Kisha ukarudi, ukawaacha askari majumbani kwao, tukaikosa Saranda, tukaja kuikomboa wajukuu wa yule mfalme walipokuwa wazee. Elia alisikiliza. Akaniuliza tunaweza kufanya nini basi. Nikamwambia tunaweza kuwatoa watu. Alikubali kwa kutikisa kichwa, si kwa mdomo, nikamtaka akubali kwa mdomo. Akasema, "Nimekubali." Tukawatoa, kikundi baada ya kikundi, kwa njia ya kusini, mpaka mji ukabaki kuta na wazee waliokataa kuondoka. Kichwa Ngumu akaingia. Ile rangi yetu ya udongo mwekundu ikafutika mahali pale, na jina uliloupa mji likafutika.

Elia alisema polepole, "Tumeupoteza mji wa Baba kwa ajili ya uwele."

Nami nikasema ndiyo.

Hapo ndipo alipoanza kubofya mahali nisipopajua, akafungua sehemu ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuifungua. Hatua zote zilizopita zilikuwa zimepangwa pale, kila moja na picha yake ndogo. Shemeji, sikuwa nimejua zinaonekanaje. Niliziona alasiri zetu. Niliiona ile ya mvua, mto ulipofurika na wewe ukasema mfalme aanikwe. Niliiona siku ya visima. Chini tu ya zile za siku hiyo ilikuwapo yetu ya mwisho, wewe na mimi, ya siku moja kabla ya asubuhi ile, Itigi ikiwa bado nyekundu.

Elia aliweka kidole chake kwenye kioo. "Turudi hapa," alisema. "Mama mkubwa, hapa Baba alikuwa hai. Alikuwa amekaa kwenye kiti hiki. Mkono wake ulikuwa hapa."

Nilimwambia, "Elia, baba yako hayumo humo. Humo mna mfalme mdogo na magunia ya nafaka."

"Najua. Lakini mimi sikuwa na alasiri hata moja. Wewe unazo zote hizi. Nipe hiyo moja. Sitaibadilisha, nitaitazama tu."

Sheria ilitaka vinywa viwili. Cha kwake kilikuwa kimesema. Kilibaki changu, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza kesho yake nimefanya nini, wala wa kunitania. Nilitaka kusema ndiyo. Naandika hivyo bila kupunguza. Nilitaka turudi pale, na kesho yake turudi tena palepale, na nisivuke kamwe mpaka ile asubuhi ya gari la jirani. Nilijiona nikizeeka mbele ya picha moja, na niliona ni uzee mzuri.

Nikasema hapana.

Nilisema kwa sauti ya darasani, kwa sababu nyingine ingenikatika. Elia aliinuka, kiti kikaanguka. Alitoka nje akaenda moja kwa moja makaburini, na kupitia dirisha nilimwona amechuchumaa kwenye upepo na mikono yote miwili imeshika udongo wako. Alilia pale, Shemeji. Alilia kwa sauti kama mtoto. Sikumfuata. Nilikaa na ule mstari wa picha mbele yangu na mkono wangu karibu kabisa na kipanya, na ulikuwa ni wakati mgumu kuliko siku ya kuzika, maana siku ya kuzika sikuwa na la kuamua.

Aliporudi alikuwa na vumbi usoni. Aliinua kiti. Alifunga ile sehemu mwenyewe, bila kunitazama. Kisha akauliza, "Wale watu wa Itigi wamefika wapi?"

Tukawatafuta. Walikuwa wamefika Kinyangiri, na Kinyangiri imejaa, chakula hakitoshi. Elia akasema wajengewe. Akanionyesha mahali: tambarare, maji yapo, udongo hautitii. Aliniambia nyumba zielekee upande gani kwa ajili ya upepo. Sikubishana naye, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, nami nilisikia raha kumsikia mtu mwenye kujua anachokisema akikisema kwa Kiswahili kibovu. Tulifanya kazi hadi umeme ukakatika.

Asubuhi aliondoka. Kompyuta hakuichukua. Alisema ataazima nyingine kazini. Sasa hupiga simu siku za Jumamosi; mimi namsomea hali ilivyo, yeye anasema, mimi nabofya. Mtandao wa Nduguti ukisumbua tunangoja. Siku nyingine zote za juma ni zilezile nilizokueleza. Sitakudanganya kwamba simu moja inajaza nyumba. Inaijaza kwa muda wake, halafu inakatika, na nyumba inakuwa kubwa zaidi kuliko kabla simu haijalia.

Jumamosi iliyopita aliniuliza mavuno yakiisha tutaikomboa Itigi lini. Nikamweleza kwamba kwetu vita haianzi mpaka msemaji ameitamka sababu yake kwa sauti, sentensi nzima, na mwenzake ameikubali. Nilisikia mashine ya zege inanguruma nyuma yake. Akasema, "Kwa sababu ni ya Baba."

Ni sentensi fupi na nimekaa nayo juma zima. Nimeisema mwenyewe barazani, nimeisema nikipura uwele, nimeisema kaburini kwako. Kila mara moyo wangu unaikubali kabla sijamaliza kuitamka, na hilo ndilo linalonitia shaka. Askari watakaovuka mto ule ni watoto wa watu. Kesho ni Jumamosi. Nitamwambia Elia kwamba sijaikubali.

Ananguruma sana akikataliwa. Umemwachia hilo. Lakini nadhani atakaa kwenye simu hadi mwisho, abishane nami, na nitamruhusu abishane kadiri anavyotaka, kwa kuwa ni sauti.

Sasa nikuage. Siku ile hospitalini sikukuaga. Nilikwambia tu uvae sweta, ukavaa. Lala salama, Yona, mdogo wa mume wangu, mwenzangu wa alasiri. Nakuahidi kwamba sitaenda vitani kwa ajili yako. Itigi itakaa mikononi mwa mgeni mpaka ipatikane sababu ambayo hata wewe ungeona haya kuikataa, na isipopatikana katika maisha yangu, basi. Watu wake wako salama. Wanajengewa nyumba, na anayewajengea ni mwanao.

Ni mimi,
Shemeji yako